Mbao za Saiwa

Mimi ndiye ninayezipigilia.
Mkinikuta nimechuchumaa juu ya kinamasi,
misumari mitatu mdomoni, siitikii salamu,
msinidhanie nina kiburi.
Piteni kulia. Ubao wa kushoto bado haujakazwa.

Mmetoka Kitale na vumbi lenu,
mmelipa langoni, mmepewa risiti,
na sasa mnauliza: nzohe yuko wapi?
Yuko hapo.
Amezama hadi puani. Amewaona
tangu mlango wa gari ulipobamizwa.
Ana kwato ndefu kama vidole vya mpiga litungu,
zimetanuka, zinakanyaga tope bila kulitoboa.
Sisi tulipewa visigino.
Ndiyo maana ya mbao.

Nawajua kwa nyayo kabla sijainua uso.
Kuna apitaye ko! ko! ko! kama anayedaiwa.
Kuna mtoto anayehesabu mbao;
akifika mia na kitu anasahau, anarudi kuanza moja,
na huyo humwachia njia, hata kama nina haraka.
Na kuna yule wa mwaka juzi, wa kofia nyekundu,
aliyetaka picha na yungiyungi.
Hatua mbili tu, aliwaambia wenzake.
Ya kwanza ilimpokea.
Ya pili ilimmeza hadi pajani.
Tulimvuta, mimi na askari Chesebe,
kwa kamba ya kufungia mbao;
akatoka mguu mmoja mtupu,
akacheka, akapigwa picha hivyo hivyo.
Nyuma yake hakutazama:
kiota cha kukuziwa kimelala ubavu,
mayai manne yanazama moja moja,
polepole, kama watu wenye adabu.

Mimi si mtakatifu.
Baba yangu, Khaemba wa Kipsaina,
alitega matanzi ya waya humu humu,
na karo yangu ya darasa la sita
ilikuwa na mkia.
Siku moja alikuta tanzi limemnasa jike,
na kando yake ndama, maji kifuani,
amesimama tu. Hakimbii.
Baba alirudi, akakataa ugali, akakataa maneno.
Alfajiri aling'oa nyaya zote,
akazisokota, akamfungia mama
kamba ya kuanikia nguo.
Ipo mpaka leo.
Upepo ukitoka Cherang'ani
mashati yetu hupigapiga mikono
kama yanayotaka kushushwa.

Mwezi uliopita nilibandua ubao uliooza
na chini yake nikaikuta raba ile.
Funjo limeotea kwenye tundu la kamba,
na ndani, palipokuwa na kidole gumba,
chura, mdogo kama punje ya hindi,
ananikazia macho kama mwenye nyumba.
Chesebe alifurahi. Akasema, unaona?
Kila kitu hujirudi chenyewe.
Sikumjibu, nilikuwa na misumari mdomoni.
Ningemwambia: chura kapata nyumba, sawa.
Kukuziwa hajarudi.
Misimu miwili napita na nyundo yangu,
nasikiliza upande ule, na upande ule umenyamaza.

Basi endeleeni mpaka kwenye dungu.
Pandeni mmoja mmoja, ngazi ni ya mkaratusi.
Ganda la ndizi litieni mfukoni;
karasinga mwenye ndevu nyeupe atawabembeleza,
msimpe, mkimpa leo kesho atawavamia wengine,
na lawama zitamwangukia yeye.
Kisha kaeni. Simu zilaleni.
Mafunjo yakitikisika pasipo upepo
msinyoosheane vidole.
Pengine ni masikio. Pengine ni fisi-maji tu.
Akitoka, ametoka.
Asipotoka, msidai pesa langoni:
hamkumlipia yeye,
mmelipia pa kukanyaga.

Na mnaporudi, giza likianza kuingia,
kumbukeni ule wa kushoto.
Nimeshasema. Bado haujakazwa.